Nimwache paka wangu Tanga au nipande naye Lushoto?

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 69, naishi peke yangu Ngamiani, Tanga. Nina paka dume anaitwa Kashata, ana miaka 9, amehasiwa na amenenepa haswa. Nina pia kuku 6 wa kienyeji. Tuko wanawake 11 tulioanza kama kikundi cha kuweka na kukopa, siku hizi tunajuliana hali kwenye simu kila alfajiri: nani kaamkaje, nani kapika nini, paka wa nani kaiba samaki. Mwaka huu tumepanga sote twende Lushoto, tarehe 23 Desemba mpaka tarehe 2 Januari, na mchango wangu nimeshatoa. Sasa Kashata nimfanyeje? Mmoja wetu anasema nije naye, njiani nimpe dawa ya usingizi. Mwingine anasema nimfungie ndani na beseni la chakula, paka hafi njaa. Binti yangu aliyeko Dar anataka nimpelekee yeye. Nimechanganyikiwa mpaka nafikiria kubaki.

Jibu: Shikamoo mama. Usibaki. Nalisema hilo kabla ya yote kwa sababu swali hili huja kila mwisho wa mwaka kutoka kwa akina mama wa rika lako, na mara nyingi anayeuliza ameshaanza kutafuta ruhusa ya kutokwenda. Paka ni sababu nzuri mno ya kukaa nyumbani, hakuna atakayekulaumu kwa kuwa na huruma. Lakini paka mzima wa miaka 9 anaweza kukaa siku hizo zote bila wewe. Asichoweza ni kukaa bila mtu.

Kashata abaki Ngamiani, kwenye nyumba anayoijua, na mtu amfuate huko huko kila siku. Ungeniuliza habari za mbwa ningekujibu vingine, maana mbwa akiwa na mwenyewe hata ugenini ni kwake. Paka ameshikamana na mahali: dirisha lile, kiti kile, harufu ya kuta alizojisugua miaka yote. Ndiyo maana watu wakihama mtaa paka wao huonekana amerudi kwenye nyumba ya zamani.

Nianze na mwenzako wa dawa ya usingizi. Nia yake ni njema, ila ifikirie hiyo safari. Tanga, Muheza, Korogwe, mpaka Mombo ni barabara ya kawaida, joto tu. Kutoka Mombo ndipo unapanda kilomita kama 33 za kona kupitia Soni, na kwenye kona zile hata wewe utakuwa umeshika kiti cha mbele. Paka asiyezoea gari hutapika, hujikojolea na hulia njia nzima. Ukimpa kidonge cha binadamu hujui kitamshika vipi: kuna wanaolala, kuna wanaopandwa na wazimu badala ya kulala, na aliyelala kwenye joto la basi hawezi kuhema vizuri kujipoza. Tuseme amefika salama. Mtakuwa wanawake 11 kwenye nyumba ya wageni, mlango unafunguliwa kila dakika, na huyo bwana mnene anataka kutoka tangu alipofika. Paka akipotea ugenini hujificha na kunyamaza, hata akisikia sauti ya mwenyewe haitiki. Sitaki likizo yako iishie kwenye kumwita Kashata vichakani.

Kwa binti yako ni hivyo hivyo, ila njia ni ndefu zaidi. Mwambie ahsante. Akitaka kusaidia, achangie malipo ya mtu wa kumtunza.

Sasa kwenye beseni la chakula. Wewe ni mtu wa pwani, hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie umeisikia tangu madrasa, kwa hiyo upande huo siuongezi. Mimi nazungumzia mwili wa paka. Chakula cha siku 10 kikiwekwa kwa pamoja kwenye joto la kaskazi, cha majimaji kitaoza kabla ya usiku na kikavu kitavamiwa na sisimizi. Maji yatamwagika. Na paka mnene ana hatari ambayo mwembamba hana kwa kiasi hicho: akiacha kula siku 2 au 3 tu, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, ini linashindwa, anageuka manjano machoni na ndani ya masikio. Kumrudisha hapo ni kazi ya majuma, tena si wote wanaorudi. Kwa hiyo hilo la "paka hafi njaa" mwambie mwenzako halimhusu Kashata.

Kuna jambo jingine linalonitisha kuliko njaa, na ndilo ningependa ulielewe kabla hujafunga begi. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Kwa dume aliyehasiwa, mnene, anayekaa ndani, anayekula zaidi chakula kikavu na kunywa maji kidogo, inaweza kuzibwa na chembechembe au ute mzito, na mabadiliko nyumbani, kama kuondoka kwa mwenyewe, huchochea. Sasa mtazame mwenye shida hiyo anavyofanya. Anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachuchumaa, anakaa muda mrefu, hatoi kitu. Anatoka, anajilamba chini ya mkia, anarudi tena. Baadaye anaanza kulia kwa sauti nzito isiyo ya kudai chakula. Tumbo linakuwa gumu, hataki kuguswa, anatapika, kisha anajilaza. Watu hunipigia wakisema paka amefunga choo, wameshampa mafuta ya kula. Choo hakina kosa. Ni mkojo umekwama, sumu inarudi kwenye damu, na bila kuzibuliwa anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Akionwa siku ile ile, wengi hupona.

Kwa hiyo mtunzaji wa Kashata kazi yake ya kwanza si kulisha. Ni kuangalia mchanga. Kila asubuhi ahesabu mabonge ya mkojo, ayatoe, asawazishe. Kama unatumia maranda ya mbao, mkojo hauonekani vizuri. Badili utumie mchanga laini mkavu, lakini ubadili sasa hivi na si wiki ya safari. Paka wengine wakibadilishiwa choo ghafla hugoma, ukajiongezea tatizo la pili.

Mtunzaji awe nani? Wenzako wote mnaondoka pamoja, basi ni jirani. Usimpe mtoto peke yake, wala mtu anayeogopa paka hata akisema hapana, si sana. Kijana wa sekondari ya juu au chuo aliye likizo anafaa, au mama wa nyumba ya pili anayefuga wake. Na mlipe. Mpe kazi, usimwombe fadhila. Fadhila husahaulika siku ya Krismasi wageni wakijaa nyumbani kwake. Kazi yenye malipo haisahauliki. Nusu mpe ukiondoka na nusu ukirudi. Pembeni acha pesa ya dharura kwenye bahasha, yake peke yake, isichanganywe na malipo ya kijana.

Wiki moja kabla, mwite aje. Mara ya kwanza akae tu, mzungumze, mnywe chai, Kashata amnuse kwa wakati wake. Asimbebe. Mara nyingine yeye ndiye aweke chakula, wewe ukiwa umekaa. Baadaye wewe toka kabisa, nenda sokoni, umwachie yeye jioni nzima. Ukirudi ukakuta bakuli limelambwa, mambo mazuri. Ukikuta Kashata yuko juu ya kabati na chakula hakijaguswa, bado una siku za kutafuta mtu mwingine, na hiyo ndiyo faida ya kuanza mapema. Anapokuja wakati wewe haupo, aje mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, na akae angalau nusu saa. Paka hujitokeza baada ya mtu kutulia. Anayeweka sahani na kukimbia atakwambia kila siku "yuko salama" ilhali hajamwona mkia.

Siku ya kuondoka acha kanga uliyoivaa, usiifue, itandike pale anapolala. Inasaidia kweli, harufu yako inamwambia nyumba bado ina mwenyewe.

Kuhusu chakula, endelea na kile kile anachokula leo. Huu si wakati wa kumpunguza unene. Hilo tutalizungumza Januari, polepole. Kama anakula samaki, nunua vibua, vichemshe bila chumvi, bila kitunguu, toa miiba yote, gawa kwenye mifuko midogo na ugandishe. Kila jioni kijana ashushe mfuko mmoja kwenye sehemu ya chini ya friji kwa ajili ya kesho. Umeme ukikatika muda mrefu na mifuko ikayeyuka, atupe bila huruma. Weka na chakula kikavu cha dukani kama akiba, na hicho nacho mwonjeshe kabla hujaondoka ili kisiwe kigeni. Dagaa wakavu waloweke na umwage maji ya kwanza, chumvi yao ni nyingi. Ugali anaweza kuula kwa kusindikizia, lakini paka ni mla nyama, ugali peke yake haumtoshi. Bakuli la chakula likae ndani ya sahani pana yenye maji ili sisimizi wasifike. Maji ya kunywa yawe sehemu 2 au 3, kwenye bakuli za udongo ukizipata, yanakaa baridi na paka huyapenda. Dume wa aina ya Kashata akinywa sana ndiyo heri yetu.

Sasa pilau. Siku ya Krismasi na siku ya mwaka mpya kuna mtu mwenye roho nzuri ataleta sahani, na kijana atamgawia Kashata. Mkataze mapema. Kitunguu na kitunguu saumu, hata vikiwa vimepikwa ndani ya mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Na hapa niseme moja kwa moja kuhusu ushauri unaozunguka kwenye simu zenu kila alfajiri. Napenda mnavyojuliana hali, na sina shaka kuna siku salamu hizo ndizo zilizomtoa mtu kitandani. Ila kwenye dawa za wanyama muwe wagumu. Panadol ni sumu kwa paka. Nusu kidonge cha kawaida kinatosha kumuua: fizi zinageuka rangi ya hudhurungi, uso na miguu vinavimba, anashindwa kupumua. Dawa ya kupe ya ng'ombe, ile ya kuchanganya na maji na kunyunyizia, usimpake paka hata kidogo, na dawa ya viroboto iliyoandikwa ya mbwa nayo usimpake. Nyingine huwatetemesha paka hadi wanakufa. Oili chafu ya gari kwa ajili ya ukurutu nimekuta ikipakwa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Paka hujisafisha kwa ulimi, kwa hiyo unachompaka ndicho unachomlisha. Mwambie kijana wako sentensi moja tu: mnyama akionekana mgonjwa, hapewi kitu chochote, anapigiwa daktari.

Daktari yupi? Jambo hili wengi hulikumbuka usiku. Safari yako inapita juu ya tarehe 25 na 26 Desemba na tarehe 1 Januari, zote sikukuu, ofisi zimefungwa. Nenda ofisi ya mifugo ya Jiji mapema mwezi huo, au kwa daktari wa mifugo mwenye kliniki binafsi, na uulize maswali mawili: je, anatibu paka, na je, ana mrija wa kuzibua njia ya mkojo ya paka dume? Usione haya. Wengi wetu tunashinda na ng'ombe na mbuzi, na si kila mmoja anao huo mrija. Chukua namba yake binafsi na umwambie utasafiri. Ukiwa pale, mwonyeshe kadi ya chanjo ya Kashata. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Chanjo huanza akiwa na miezi 3 na kwa kawaida hapa kwetu hurudiwa kila mwaka. Kama imepita muda, achanjwe kabla mtu mwingine hajaanza kumshika. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na pwani hatuna sababu ya kujidanganya: kisiwa cha Pemba kiliutokomeza kwa kuchanja mbwa, ukarudi tena mwaka 2016, kazi ikaanza upya. Kijana aking'atwa au akiparuzwa hadi damu itoke, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali bila kusubiri. Hata paka asiye na kichaa, jino lake jembamba huingiza vijidudu ndani sana. Mkono unaweza kuvimba kesho yake. Nawe hivyo hivyo, hasa kama una kisukari.

Yote haya yaandike kwenye karatasi kwa kalamu nene na uibandike kwenye mlango wa friji. Kumwambia kwa mdomo hakutoshi.

Mkesha wa mwaka mpya unataka maandalizi yake. Vijana watapiga madebe na fataki, na paka aliyetulia siku zote huweza kuruka dirishani akapotea usiku huo mmoja. Tarehe 31 jioni kijana afunge milango na madirisha mapema, amwachie Kashata boksi la karatasi limelazwa ubavu chini ya kitanda, na kanga ile iingie humo. Asimtoe kwa nguvu akijificha. Atatoka mwenyewe asubuhi, na akila ni dalili nzuri.

Kuku wako ni rahisi zaidi. Wape chanjo ya mdondo, ile ya I-2, tone moja jichoni, angalau wiki 2 kabla hujaondoka kama miezi 3 imepita tangu ya mwisho. Banda lifungwe jioni, maji safi kila asubuhi. Na usinunue kuku mgeni Desemba, hata bei ikikushawishi. Mdondo huingia nyumbani kwa kuku wa sokoni.

Umeniuliza habari ya likizo, lakini nitaongeza lisilo la likizo. Mtu wa miaka 69 anaweza kulazwa hospitali ghafla bila kupanga wala kuchangia. Huyo kijana au jirani utakayemfundisha sasa ndiye atakayeingia nyumbani kwako siku hiyo akijua chakula kiko wapi na mchanga unaangaliwaje. Paka wa ndani akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 15 na kupita, kwa hiyo Kashata ana miaka mbele yake. Akifanya kazi nzuri, mwachie ufunguo wa akiba, na umwambie binti yako jina na namba yake.

Ukirudi, usishangae Kashata akikupa mgongo. Hutokea, hupita. Fuata saa zile zile za chakula, mfungue taratibu, na usimjaze vitafunio kwa majuto. Mwangalie mchanga wake siku chache za kwanza pia, kwa sababu kurudi kwako nako ni mabadiliko.

La mwisho ni picha. Najua kijana atakutumia picha za Kashata amelala, na wenzako watazifurahia. Mwombe atume kwanza nyingine mbili kila asubuhi: bakuli la jana usiku kabla halijaoshwa, na beseni la mchanga kabla halijasafishwa. Kwa picha hizo mbili mimi hata nikiwa Arusha naweza kukwambia kama paka wako ni mzima. Sura haitaniambia kitu. Na wenzako wakilalamika kuona mavi ya paka kwenye simu wakati wanakunywa chai ya asubuhi kule Lushoto, waambie daktari ndiye aliyeagiza.